Premio ya shemeji: giaboksi "iliyokufa" kumbe ilikuwa na kiu

Shemeji alinipigia simu Ijumaa usiku akiwa ameshakata tamaa. "Shem, hivi Premio yenye giaboksi mbovu inauzika bei gani?" Badala ya kumtajia bei nikamwuliza ni nani aliyesema giaboksi ni mbovu. Akasema fundi. Na jirani yake naye amechungulia stiki, kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakuta oili imejaa, kwa hiyo hakuna cha kusingizia oili, ni giaboksi yenyewe imechoka. Ameshatajiwa nyingine ya mtumba kutoka Ilala, shilingi 1,200,000 pamoja na ufundi. Jumatatu anaingiza gari gereji.

Nikamwambia Jumatatu iko mbali, Jumamosi nakuja.

Gari lenyewe ni Toyota Premio ya 2004, injini ya 1ZZ ya cc 1,794, giaboksi otomatiki ya gia 4. Analaza Kimara, kwenye zile nyumba za bondeni ambako asubuhi unatoka getini na kuanza kupanda papo hapo. Mateso yalianzia kwenye kilima hicho. Anaweka D, gari linakaa sekunde mbili au tatu kama vile linafikiri, kisha gia inaingia kwa kishindo. Akipanda na kukata kona ya kwanza, injini inavuma, mshale wa mizunguko unaruka hadi 3,500, gari halisogei kwa kadiri hiyo. Akifika Morogoro Road na kukaa kwenye foleni ya kwenda Ubungo, tatizo linapungua. Jioni akirudi, karibu hakuna kitu. Kesho yake asubuhi, yale yale.

Nilimwuliza kama taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Haijawaka. Fundi aliweka mashine ya kusoma hitilafu? Aliweka, haikutoa namba yoyote ya hitilafu. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka na ile hukumu. Giaboksi ambayo klachi zake za ndani zimeisha haina sababu ya kupata nafuu ikipata moto. Mara nyingi huwa kinyume: oili ikiwa baridi ni nzito, inasaidia kushikilia mgandamizo, na ikichemka ikawa nyepesi ndipo klachi zinapoteleza. Hii ilikuwa inasumbua ikiwa baridi, inasumbua kwenye mlima, inasumbua kwenye kona, halafu inatulia ikichemka. Kitu gani ndani ya giaboksi huongezeka kwa joto na kukimbilia upande mmoja gari likiinama? Ni kile kimiminika. Oili ya giaboksi hutanuka. Giaboksi kama hii ukihesabu na konveta, kile kiungo kinachopokea nguvu ya injini kwa njia ya oili, inabeba kama lita 7. Ipandishe joto kutoka nyuzi 28 hadi 78 na itaongezeka karibu robo lita. Ukiwa na oili pungufu, hiyo robo ndiyo inayoamua kama mdomo wa filta chini kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, umezama au unavuta hewa.

Lakini jirani alisema imejaa. Na jirani huyu si mtu wa kubahatisha, ni mzee aliyeendesha magari ya ofisi miaka mingi, na gari lake mwenyewe analihudumia kwa mikono yake. Jumamosi nilipofika nilimwamkia, nikamwomba anionyeshe alivyopima. Akafungua boneti kabla gari halijawashwa, akavuta stiki, akaifuta, akairudisha, akavuta tena. Kweli, oili ilikuwa juu, katikati ya zile alama mbili za HOT, yaani za oili yenye moto. Akanitazama kama mtu aliyemaliza kesi.

"Mzee, wewe gari lako ni lipi?"

"Honda. CR-V."

Basi nikaelewa. Hakukosea alivyofundishwa. Honda ndivyo wanavyoagiza: chemsha injini mpaka feni ya rejeta iwake, zima, subiri dakika moja lakini usivuke dakika moja na nusu, kisha pima. Alichofanya ni kuchukua desturi ya gari lake akaivisha Toyota, na hata ile sehemu ya kuchemsha akaiacha. Toyota ya aina hii inapimwa injini ikiwa inaunguruma, katika P, oili ikiwa na moto wa nyuzi 70 hadi 80. Magari mawili yamesimama geti kwa geti, na kila moja lina sheria yake. Ndiyo maana mimi huwa siamini mtu anayesema "stiki ni stiki".

Kwa nini iwe hivyo? Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa inafanya kazi, pampu imenyonya oili kutoka kwenye sampo na kuisambaza: imejaza konveta, imejaza mifereji ya valvu bodi (kile chuma chenye valvu zinazoelekeza oili kwenye klachi), imepeleka nyingine kwenye kipoozeo kilichomo ndani ya rejeta. Kinachobaki chini kwenye sampo ndicho kina ambacho Toyota ilikikusudia ilipochora alama kwenye stiki. Ukizima injini, sehemu ya oili ile inarudi chini taratibu, na gari likilala usiku kucha inarudi ya kutosha. Ukipima asubuhi unaona kina kirefu, ila unapima oili ambayo saa gari linapoanza kazi haitakuwepo pale. Ni kama kuhesabu watu wa nyumba saa sita usiku halafu ukashangaa mchana huna wa kumtuma dukani.

Kwa hiyo tupime upya. Kikwazo cha kwanza hakikuwa gari, kilikuwa Kimara. Hakuna pa tambarare! Uwanja wa shemeji ukimwaga maji yanaanza safari yenyewe. Nikaweka pima maji kwenye sakafu, povu likaenda kujibanza pembeni. Kupima oili gari likiwa limeinama ni kupoteza muda, maana sampo ni pana na kina chake ni kifupi. Mwinamo mdogo unapandisha oili upande mmoja na kuikausha upande wa pili. Tulimwomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale juu barabarani atuachie sehemu yake ya zege kwa saa moja. Pima maji ikakubali.

Kabla ya hapo tuliliendesha gari nusu saa, Mbezi na kurudi, shemeji akiwa kwenye usukani. Nusu saa ya kwenda, si nusu saa ya kusimama na kunguruma. Gari likisimama huku linaunguruma, injini inachemka haraka, maji ya rejeta yanafika kwenye joto lake, lakini oili ya giaboksi inabaki nyuma. Inachemshwa na kazi. Nilishawahi kumwona mtu anapima kwa sababu mshale wa joto kwenye dashibodi umefika katikati. Ule mshale ni wa maji ya injini.

Tulipofika kwenye zege: handibreki juu, mawe nyuma na mbele ya matairi, shemeji mguu kwenye breki. Nikamwambia atembeze mkono wa gia taratibu kutoka P, R, N, D, 2, hadi L, akisimama kama sekunde mbili kila mahali, kisha arudi vile vile mpaka P. Hatua hii watu wengi huiruka. Inajaza oili kwenye njia za kila klachi. Usipoifanya, utapima oili ambayo bado haijaingia kazini. Injini tukaiacha ikiunguruma, nikakunja mikono ya shati, kwa sababu feni na mikanda iko pale pale na haina macho.

Stiki ya Premio hii iko upande wa abiria, chini kidogo karibu na betri, upande wa giaboksi. Nikavuta, nikafuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Naomba nisisitize hili la kitambaa. Kipande cha tisheti kuukuu kinaacha nyuzi, na nyuzi zikiingia kwenye njia za valvu bodi ambazo upana wake ni mdogo kuliko unavyodhani, umejitengenezea ugonjwa ambao hukuwa nao. Nikairudisha hadi mwisho, nikavuta.

Ncha tu. Tone kwenye ncha, chini hata ya alama za COOL, zile za oili baridi. Upande mmoja wa stiki ulikuwa na mchirizi uliopanda juu zaidi, kwa hiyo nikarudia mara tatu. Mrija wa stiki huwa na oili kwenye kuta zake, inapakaa upande mmoja na kukupa moyo wa bure. Soma upande ulio chini. Mara zote tatu, ncha.

Nilimwita mzee aje aone. Akachukua stiki, akaitazama, akaigeuza. "Sasa mbona asubuhi...?" Tukazima injini, tukakaa, tukanunua maji, tukapiga soga. Baada ya dakika kama ishirini nikavuta tena. Imepanda hadi kwenye alama. Hakusema kitu, ila alicheka, na nadhani kicheko kile kilitosha.

Tulipaka oili kwenye karatasi nyeupe. Hapo ndipo nilipokuwa na hofu zaidi, kwa sababu upungufu unajazika lakini klachi iliyoungua haijaziki. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, ujue vipande vya klachi vimekwisha kupikwa, na hapo pengine fundi ana haki ya kutaja giaboksi nyingine. Ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa Vimto, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoozeo, na huo ni msiba mwingine kabisa. Hii ilikuwa kahawia yenye wekundu ndani yake, haina harufu ya kuungua, nilipoisugua kati ya vidole haikuwa na chenga. Oili ya zamani, lakini hai.

Shemeji akafungua buti akatoa chupa ya lita moja. "Basi shem tumimine, nimenunua haidroliki." Ilikuwa nyekundu, imeandikwa Dexron III. Ameuziwa kituo cha mafuta, akaambiwa haidroliki zote nyekundu ni moja. Wekundu ule ni rangi tu inayotiwa ili uvujaji wake utofautike na wa oili ya injini. Hausemi lolote kuhusu kilichomo. Giaboksi hii inataka Toyota Type T-IV. Tofauti iko kwenye viungo vinavyoamua jinsi klachi zinavyoshikana, hasa ile klachi ya konveta inayofungana ukiwa kwenye mwendo. Ukitia isiyoafikiana nayo, gari linaweza kuanza kutetemeka kwenye mwendo wa wastani, na utasema tena giaboksi imekufa. Ninajua wapo waliotia Dexron kwenye Toyota za zamani na bado wanatembea. Wapo pia wanaokunywa chai kwa chumvi. Kuna zaidi: General Motors, wenye Dexron, waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo chupa inayouzwa leo kwa jina hilo inategemea tu uaminifu wa aliyeijaza. Ile lita moja ikarudi kwenye buti.

Bodaboda ikatumwa Gerezani, Kariakoo, na picha ya maandishi ya kopo kwenye simu ili kusiwe na ubishi. Ikarudi na T-IV ya lita 4. Nilimwambia shemeji achukue lita 4 japokuwa nilijua hatutatia zote leo, sababu nitaifikia.

Kujaza kunafanyika kupitia mrija ule ule wa stiki, na mrija huo ni mwembamba. Faneli ya jikoni haifai. Tulitumia faneli ndogo iliyochomekwa kipande cha mpira mpya wa plastiki, mrefu kiasi cha kuingia ndani ya mrija, na chupa ya maji ya nusu lita ambayo nilikuwa nimeichora alama za robo robo kwa kalamu. Injini inaunguruma muda wote. Nikatia robo lita, nikasubiri dakika tatu iteremke, shemeji akatembeza gia zote na kurudi P, nikapima. Bado ncha. Robo ya pili: imefika kwenye COOL. Robo ya tatu: inakaribia alama ya chini ya HOT. Hapa shemeji alitaka tumalize kwa mkupuo. Nikamkatalia. Kupunguza oili iliyozidi ni kazi ngumu kuliko kuongeza, ama uinyonye kwa bomba jembamba kupitia mrija wa stiki au ulale chini ya gari ufungue nati ya sampo. Na kuzidi si salama hata kidogo: oili ikipanda sana inapigwa na vyuma vinavyozunguka, inatoka povu, na povu halina mgandamizo. Gari linarudia dalili zile zile za upungufu. Mtu asiyejua anaongeza nyingine.

Mara ya nne nilitia nusu ya robo tu, nikapima. Kisha kiasi kidogo tena. Stiki ikasoma katikati ya HOT. Jumla iliyoingia ilikuwa mililita 900 na kitu. Katika lita 7, hiyo si pungufu ya mzaha.

Tukaondoka kwenye zege, tukashuka nyumbani, tukageuza, tukapanda kile kilima. D ikaingia bila kuchelewa. Kona ya kwanza, mshale wa mizunguko ukatulia chini ya 2,000. Shemeji alipiga usukani kwa kiganja mara mbili, akasema atampigia fundi sasa hivi amweleze. Nikamwambia asipige simu bado.

Maana swali lilikuwa halijajibiwa. Injini inaweza kula oili yake kidogo kidogo ikaichoma. Giaboksi haichomi oili. Kama mililita 900 hazimo, zimevuja, na kama zilivuja zitavuja tena. Kujaza ni kununua muda tu. Tulitandaza boksi la friji chini ya gari, likalala hapo. Jumapili asubuhi kulikuwa na matone matano, mekundu, si chini ya sampo bali pembeni, upande wa abiria, nyuma ya tairi la mbele. Nikamulika tochi. Pale shafti ya tairi inapoingia kwenye giaboksi palikuwa na unyevu mpya, na vumbi la Kimara limeganda pembeni yake kama ukoko.

"Shem, hii shafti iliguswa lini?"

Akafikiri. Wiki sita zilizopita. Mpira wa shafti ulichanika, akaupeleka kubadilishwa kwenye gereji fulani, siyo ya huyu fundi wa giaboksi. Shafti ilichomolewa, ikarudishwa. Kuchomoa na kurudisha shafti kwa haraka, bila kuiinua vizuri, kunakwaruza mdomo wa ile oili sili, mpira unaozuia oili isitoke pale shafti inapoingia, na hapo ndipo uvujaji unapoanza. Tone kwa tone, gari likiwa linatembea zaidi kuliko linaposimama, kwa hiyo kwenye maegesho hakuna anayeona doa kubwa. Sitaki kumlaumu fundi yule kwa mbali, sikuwepo. Lakini sili ya upande wa pili, ambayo haikuguswa, ilikuwa kavu kabisa.

Jumatatu gari liliingia gereji kama ilivyopangwa, ila kwa kazi nyingine. Sili moja, shilingi 15,000. Shafti ikichomolewa oili humwagika, na kwa kuwa ile iliyokuwemo ilikuwa kahawia na hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kubadilishwa, tulifungua na nati ya sampo kabisa. Ndiyo sababu ya zile lita 4. Kila kilichotoka kilikusanywa kwenye beseni moja na kupimwa: lita 3. Kikarudishwa kiasi hicho hicho cha oili mpya, na washa mpya kwenye nati. Kisha nusu saa barabarani, zege ya yule bwana wa vifaa vya ujenzi, P hadi L hadi P, na stiki. Katikati ya HOT.

Tumepima tena baada ya wiki moja na baada ya mwezi. Haijashuka. Boksi chini ya gari ni kavu. Mzee wa CR-V ndiye aliyesimamia kipimo cha mwezi, injini ikiunguruma, na alinitumia picha ya stiki bila kuombwa.

Je, giaboksi ni nzima? Sijui kusema nzima. Imetembea wiki kadhaa ikivuta hewa, na kila asubuhi ilipoteleza kwenye kile kilima ilikuwa inakula klachi zake kidogo. Kuna mshtuko mdogo bado kutoka gia ya pili kwenda ya tatu kukiwa na baridi, ambao shemeji anasema haupo na mimi nasema upo. Inaweza kukaa hivyo miaka, inaweza isikae. Kwa sasa ile shilingi 1,200,000 ipo benki.

Wiki iliyopita shemeji alimleta kaka yake na Premio yake, hii ya umbo jipya, ya 2010. "Na hii tuipime." Amebeba hadi faneli yetu na mpira wake. Nikafungua boneti, tukatafuta stiki ya giaboksi, tukamulika kila upande. Haipo. Hii ni CVT, haina gia za ndani kama ile, inatumia oili yake nyingine kabisa, na Toyota hawakuiwekea stiki: inapimwa kwa kufungua plagi chini ya giaboksi, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote, oili ikiwa kwenye joto maalumu linalosomwa kwa mashine, na kuangalia inavyochuruzika. Nikamwuliza kaka kama gari lina dalili yoyote. Akasema hapana, ni kujua tu. Nikafunga boneti, faneli ikarudi kwenye buti, tukaingia ndani kunywa chai.